Kutoka Mazinde hadi Mtaa wa Ifunda

Mazinde imekaa chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara kuu itokayo Korogwe kwenda Same na Moshi. Upande mmoja mlima unapanda ghafla hadi Mazinde Juu, kwenye baridi na migomba. Upande wa pili nchi ni tambarare na kavu, yenye mibuyu na miiba, na inateremka polepole kuelekea bonde la Mkomazi. Katikati hapo, reli na mashamba ya mkonge vimekuwa majirani kwa vizazi kadhaa, na vimeamua maisha ya watu wengi kuliko mfalme yeyote aliyewahi kutawala huko juu.

Wafalme nao walikuwepo. Katika karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara akiwa Vuga, mlimani, lakini mwanawe Semboja alipendelea kukaa Mazinde. Sababu ilikuwa njia. Misafara iliyotoka Pangani kwenda bara ilipita hapa chini, na aliyeishika njia aliishika biashara ya pembe, ya watumwa na ya bunduki. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake. Semboja, mwenye bunduki za njiani, akapanda mlima na kumng'oa. Tangu hapo nguvu ya Usambara ilishuka bondeni.

Wajerumani walipoanza kujenga reli Tanga mwaka 1893, waliifuata njia ileile. Reli ilifika Mombo mwaka 1905, na kufikia 1912 treni ilikuwa inakwenda Moshi. Mwaka uleule wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ilikuwa 1,000 ilipoanza safari kupitia Hamburg, lakini iliyofika hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62, Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 ilizalisha tani zinazokaribia 230,000, kiwango ambacho haijawahi kukifikia tena.

Mkonge ulihitaji mikono. Wasambaa wa milimani walikuwa na migomba yao na mahindi yao, nao hawakuona sababu ya kwenda kukatwa na miiba kwa mshahara mdogo. Hivyo mikono ikaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na watu waliosafirishwa nayo wakaitwa manamba. Miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge nchini walipita 100,000. Hakukuwa na kundi lingine la wafanyakazi wa kulipwa Tanganyika lililokuwa kubwa kiasi hicho.

Kazi yenyewe ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Mkata mkonge aliamka kabla ya alfajiri, akakata majani, akayapunguza miiba ya ncha, akayafunga matita, akayabeba mpaka kwenye reli ndogo ya shamba. Asiyemaliza kazi aliyopangiwa hakuwekewa alama kwenye kipande, hata kama alikuwa shambani tangu alfajiri. Siku 30 za kipande zingeweza kuchukua wiki sita au zaidi. Jioni alirudi kambini, kwenye mistari ya vyumba vilivyoshikana, mali ya shamba. Akifukuzwa kazi, amefukuzwa na nyumba.

Katika kambi kama hizi, mwishoni mwa miaka ya 1950, vyama vya wafanyakazi vilipata wasikilizaji. Mgomo wa shamba la Mazinde wa miaka hiyo ni miongoni mwa migomo inayotajwa sana katika historia ya mkonge, kwa sababu watu walikaa bila mshahara kwa muda mrefu wakidai chama chao kitambuliwe. Nilikuja Mazinde kuuona uwanja wa mgomo huo kabla ya kwenda Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Mwalimu Julius Nyerere iliyohifadhiwa Magomeni. Nilitaka kuviona vyote viwili katika safari moja: upande wa waliodai haki na upande wa aliyesema kwa niaba yao.

Mazinde sikuona kibao. Mkonge upo, umepandwa kwa mistari iliyonyooka hadi macho yanapochoka. Nyumba za kambi nazo zipo, nyingine zimebomoka, nyingine zina watu, watoto wanacheza barazani na nguo zimeanikwa kwenye kamba za katani. Wajukuu wa watu waliotoka Kigoma na Songea wanazungumza Kisambaa kama wenyeji, kwani sasa ndio wenyeji. Ukiwauliza wazee habari za mgomo, watakuelekeza kwa mzee mwingine, na huyo kwa mwingine.

Basi la kwenda Dar es Salaam linapita Mombo, njiapanda ya Lushoto, ambapo wachuuzi wa matunda hukimbilia madirishani kabla hata gurudumu halijasimama. Juu ya Mombo, milimani, serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba ya mteremko. Waliokataa walipelekwa mahakamani. Chuki iliyotokana na matuta hayo ilikuwa shamba lenye rutuba kwa TANU, chama cha kudai uhuru, na kufikia 1957 mradi ulikuwa umeachwa. Kwa hiyo katika eneo hili dogo, kati ya mlima na bonde, watu wa aina mbili walikuwa na jambo la kusema: mkulima juu ya jembe lake na manamba juu ya kipande chake. Chama kilichowafikia wote wawili kilikuwa na nafasi ya kuitikisa serikali.

Korogwe ni mji wa daraja na masoko, Mto Pangani ukipita pembeni. Ngombezi na mashamba mengine ya mkonge yanauzunguka. Baada ya hapo Segera, ambapo barabara ya Tanga na ya Moshi zinakutana, na abiria wote hushuka kunyoosha miguu. Kisha nchi ya Handeni: Michungwani yenye machungwa yaliyopangwa kwa mafungu barabarani, Kabuku, Mkata. Hii ni nchi ya Wazigua, nchi ya mvua za kubahatisha, inayofahamu njaa. Jirani yangu kitini, mama wa makamo aliyekuwa akipeleka mahindi ya mwanawe anayesoma mjini, aliniuliza ninakwenda kufanya nini Dar. Nilipomwambia nakwenda kuiona nyumba ya Mwalimu, akaniuliza kama ni ile ya Msasani. Nikamwambia hapana mama, ni ya Magomeni, ya kabla ya uhuru. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakujua kama Mwalimu aliwahi kukaa uswahilini.

Wengi hawajui. Butiama inajulikana, maana ndiko alikozaliwa tarehe 13 Aprili 1922 na ndiko alikozikwa, na makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki. Msasani inajulikana kwa sababu aliishi pale akiwa Rais na baada ya kung'atuka. Magomeni imefunikwa na hizo mbili. Lakini Butiama ilimzaa na Msasani ilimkuta kiongozi tayari. Nyumba ya Magomeni ilimpokea akiwa mwalimu aliyeacha kazi, mwenye mke na watoto wadogo na asiye na mshahara wa uhakika.

Ukitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi unafika Magomeni kwa barabara ya Morogoro, kupitia Kimara, Ubungo na Manzese, na mabasi ya mwendokasi hukwepa foleni ambayo magari mengine yamekwama ndani yake. Magomeni haipo mbali na Kariakoo. Bonde la Msimbazi na eneo la Jangwani ndivyo vinavyozitenga. Magomeni ilipangwa na serikali ya kikoloni kuwa makazi ya Waafrika mji ulipoanza kufurika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Dar es Salaam ya wakati huo iligawanywa kwa rangi. Uzunguni kulikuwa na bustani na upepo wa bahari. Uhindini kulikuwa na maduka ya ghorofa. Uswahilini ndiko kulikobaki kwa wengine wote. Hospitali zilitengwa, shule zilitengwa, na mishahara ya kazi ileile ilitofautiana kwa rangi ya anayeifanya.

Nyumba ipo Mtaa wa Ifunda. Ni ya chini, ya bati, imekaa sawa na nyumba nyingine za mtaa, na anayepita haraka ataipita. Bodaboda zimeegeshwa hatua chache kutoka mlangoni. Jirani anauza vitumbua. Mhudumu alinikaribisha, nikaandika jina langu kwenye kitabu cha wageni, akanipeleka chumba kwa chumba.

Ndani kuna vitu vya familia ya kawaida ya miaka ya 1950: kitanda, viti, meza, vyombo vya jikoni. Ukutani kuna picha za harakati. Vyumba ni vidogo. Mtu mmoja akisimama katikati ya sebule na kunyoosha mikono, chumba kimejaa. Unapofikiri kwamba hapa palikuwa na baba, mama, watoto, ndugu wa kutoka Musoma na wageni wa chama wasiopiga hodi kwa ahadi, unaelewa kwamba hakuna aliyekuwa na faragha. Siasa haikuwa na chumba chake. Ilikula mezani na watoto.

Jiko lilinisimamisha muda mrefu kuliko sebule. Mama Maria, aliyefunga ndoa na Mwalimu Januari 1953, ndiye aliyebeba nyumba hii. Alikuwa mwalimu kwa taaluma, na mume alipoacha mshahara yeye alifungua duka dogo la kuuza mafuta ya taa. Kwa hiyo chai iliyonywewa na wanasiasa wa Tanganyika katika miaka hiyo ilitokana, kwa sehemu, na vibaba vya mafuta ya taa alivyopima mwanamke mmoja kwa majirani zake. Historia ya uhuru inawajua waliohutubia. Nyumba hii inakupa nafasi ya kumjua aliyepima mafuta.

Mshahara uliachwaje? Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A., akapewa kazi ya kufundisha St. Francis, Pugu. Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichokuwa na watu wazito wa mjini kama Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz na John Rupia. Mwisho wa wiki alitoka Pugu kwenda Kariakoo kwenye vikao, na husimuliwa kwamba mara nyingi alikwenda kwa miguu. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikazaa TANU katika ofisi ya New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba.

Machi 1955 wanachama walimchangia nauli akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza iliwajibika kutoa hesabu kwa umoja huo. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulikuwa umesema uhuru unawezekana katika miaka 20 hadi 25, na serikali ya Gavana Edward Twining ikaona hata muda huo ni mfupi mno. Aliporudi, Nyerere alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akajiuzulu. Kwa muda alikaa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes pale Kariakoo, kisha akaenda kwao Musoma, ambako kwa miezi kadhaa alifanya kazi ya tafsiri na kumfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll. Alipokataa kazi nyingine zilizokuja na mshahara mnono na kurudi Dar es Salaam, alirudi kwa jambo moja.

Hapo ndipo nyumba ya Magomeni inapoingia. Kutoka hapa alikuwa anaondoka kwenda mikoani kwa gari la chama, mara nyingi bila kujua atalala wapi. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa lelemama aliyekuwa amekabidhiwa tawi la wanawake mwaka 1955, aliandikisha wanachama wanawake kwa maelfu kwa kupita kwenye vikundi vya ngoma ambavyo hakuna mwanasiasa mwanamume aliyevifikiria. Serikali ilifunga matawi ya TANU katika wilaya kadhaa. Mwaka 1957 Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadhara. Mwaka huohuo aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba akajiuzulu, akisema serikali imekataa kila alichopendekeza.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo mgeni wa nyumba hii angefaa kulijua. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka Uingereza kumtetea. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na baada ya kutafakari alilipa. Mwaka huohuo nchi ilijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza. Sheria ilimtaka mpiga kura awe na elimu ya kutosha, au kazi ya aina fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000. Fedha zilizotosha kumwepusha Nyerere na gereza ndizo zilizomtenga mkata mkonge wa Mazinde na sanduku la kura. Kwa kipande chake hakuweza kuzikaribia.

Na aliyepata kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU iligawanyika juu ya jambo hilo. Wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi waingie, wapige kura tatu, wawaunge mkono Wazungu na Waasia wanaoafikiana na chama, washinde kwa kutumia sheria ileile iliyotungwa kuwazuia. Baadhi ya viongozi walijitoa na kuunda chama kingine. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliokuwa na baraka za TANU walishinda. Septemba 1960 Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Tangu ujumbe wa Umoja wa Mataifa useme miaka 20 hadi 25 ilikuwa imepita miaka saba.

Ushindi huo ulikuwa na mguu wa pili, nao ni vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, liliundwa mwaka 1955, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa, ambaye watu wa mjini walikuwa wamemwona kwenye filamu ya Muhogo Mchungu kabla hawajamsikia jukwaani. Migomo ya Dar es Salaam mwishoni mwa 1956 ilionyesha kwamba hata mpishi wa nyumbani anaweza kuisimamisha siku ya bwana mkubwa. Katika mkonge, chama kilichokuja kuongozwa na Victor Mkello kilikua haraka kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa na watu wengi kuliko vyote na malalamiko yao hayakuhitaji kuelezwa. Mgomo wa Mazinde ulikuwa sehemu ya kukua huko. Mwenye shamba aliyezoea kuongea na mtu mmoja mmoja, akiwa na kipande mkononi, alijikuta akidaiwa akae meza moja na wawakilishi wa wote.

Kwenye kuta za Mtaa wa Ifunda sikumwona mkata mkonge. Kuna picha za mikutano, za viongozi, za safari. Wasikilizaji wanaonekana nyuma kama umati. Hili si kosa la nyumba peke yake. Nyumba ya mtu lazima isimulie habari za mtu huyo. Lakini mgeni aliyetoka Mazinde asubuhi anaona pengo mara moja, na pengo hilo lina historia ngumu ndani yake.

Baada ya uhuru, serikali mpya na vyama vya wafanyakazi viligombana. Serikali ilitaka uzalishaji na utulivu, vyama vilitaka mishahara na uhuru wa kugoma. Januari 1963 Victor Mkello alikamatwa na kupelekwa kuishi Sumbawanga, mbali na mashamba ya Tanga, kwa amri ya serikali iliyoongozwa na Nyerere. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na badala yake kikaundwa chama kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Mshahara wa mfanyakazi ulikuwa umepanda katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na hilo lilikuwa tunda halisi la migomo. Sauti yake ya kujitegemea ilikuwa imepungua.

Kumpenda Mwalimu hakumzuii mtu kuyasema haya. Yeye mwenyewe alikubali mara nyingi hadharani kwamba serikali yake ilikosea katika mambo kadhaa, na kizazi kinachomheshimu kinaweza kubeba ukweli wote wa habari zake. Nyumba ya kumbukumbu inakuwa na nguvu zaidi inapomwonyesha kiongozi akiwa na watu waliomwinua, wakiwemo wale waliokuja kutofautiana naye.

Mataifa mengine yanahangaika na swali hilohilo. Soweto, nyumba namba 8115 ya Mtaa wa Vilakazi, alimoishi Nelson Mandela kabla ya kufungwa, ni ndogo kama hii, na matundu ya risasi kwenye kuta zake yameachwa yaonekane. Atlanta, Marekani, nyumba aliyozaliwa Martin Luther King inatunzwa pamoja na mtaa mzima wa Auburn, ili mgeni aone kanisa, maduka na majirani waliomlea. Jackson, Mississippi, nyumba ya Medgar Evers imetunzwa na ua wake, kwa sababu hapo nje ndipo alipopigwa risasi Juni 1963 akitoka kwenye gari. Na Kapenguria, Kenya, vyumba walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano vimefanywa makumbusho yanayowataja wote sita. Waliofaulu zaidi katika kazi hii ni wale waliohifadhi mahali pamoja na watu wake.

Magomeni ina nafasi hiyo. Mtaa bado una watu, na kumbukumbu za familia zao zinaweza kuingia katika maelezo ya nyumba: nani alileta mkaa, nani alibeba ujumbe, nani alilala sebuleni siku ya mkutano. Kutoka hapo mtu anaweza kuvuka Jangwani kwenda Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU, kisha mitaa ya Kariakoo waliyoishi akina Sykes, na katika nusu siku akapata ramani ya harakati ambayo kitabu hakiwezi kumpa. Wanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam wanaweza kuifanya safari hiyo kwa nauli ya mwendokasi.

Wanafunzi wa Korogwe na Handeni wanaihitaji pia, na wao wana cha kupeleka. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirejea Desemba 2019, na kwa njia ya Korogwe inaweza kuwashusha mjini kwa gharama ndogo. Kabla ya kuondoka wangeweza kufanya kazi moja kambini: kukaa na wazee, kurekodi, kuandika majina ya mashamba, nyimbo za kazi, aina za adhabu, bei ya unga katika duka la shamba, siku mgomo ulipoanza na jinsi familia zilivyokula wakati kipande kimesimama. Waliokuwa watoto katika miaka ya mgomo wamepita miaka 70 sasa. Halmashauri ya Korogwe inaweza kuitenga nyumba moja ya kambi pale Mazinde, ikairekebisha bati na mlango, ikaweka ndani kitanda cha kamba, panga la kukatia, kipande kilichojazwa na picha za waliokitumia. Barabara kuu inapita karibu. Mabasi ya Moshi na Arusha yangewashusha wageni mlangoni. Na ukutani liandikwe jina la Mkello, pamoja na majina ya viongozi wa tawi la Mazinde ambayo wazee watayataja, huku yakiwa bado na mtu wa kuyataja.